Kipimo cha Ndama

Beatha hakuwa mtu wa kupiga simu. Alikuwa msimamizi wa kituo cha kukusanyia maziwa pale Soni, na akiwa na shida hutuma ujumbe mfupi usio na salamu: umeme umekatika, gari halijafika, keni hazitoshi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, jina lake lilipotokea kwenye simu, Yudith alipokea huku akicheka.

"Leo umekosea namba, Beatha?"

"Hapana, dada. Nauliza tu. Ile dawa ya minyoo, kipimo chake kwenye tovuti. Siku hizi ndama na ng'ombe mkubwa wanapewa sawa?"

"Sawa kivipi?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza." Nyuma yake zilisikika keni zikigongana. "Hebu angalia, halafu uniambie."

Yudith alikuwa karani wa ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, katika ofisi ya vyumba viwili iliyo jirani na soko la Lushoto. Alitunza kumbukumbu za wanachama, aliandika barua, na tangu mwaka uliopita alikabidhiwa pia tovuti. Dawa za ng'ombe hakuzijua. Baba yake alikuwa mwalimu; kwao walifuga kuku na njiwa, basi. Alifungua ukurasa wa dawa, ukaja mara moja, safi, wenye herufi zinazotosha macho ya mtu mzima, na kwa sekunde chache akajisikia tena ile fahari aliyokuwa nayo tangu Ijumaa.

Kisha akasoma. *Ndama wenye uzito kilo 60: mililita 20.*

Alishuka chini kutafuta mstari wa ng'ombe wakubwa. Haukuwepo. Akapanda juu, akashuka tena. Kilichofuata baada ya sentensi ile kilikuwa onyo la kutokunywa maziwa ya ng'ombe aliyepewa dawa.

"Nitakupigia," alimwambia Beatha, na sauti yake mwenyewe aliisikia imebadilika.

Tovuti ile ilitengenezwa zamani na kijana wa kujitolea ambaye pale ofisini hakuna aliyelikumbuka jina lake vizuri. Aliyachukua maandishi ya wataalamu kutoka kwenye mafaili ya ofisi akayabandika yalivyo, na takataka zake zote. Kwa nje kurasa zilionekana kurasa. Kwa ndani, ukifungua uone kilichoandikwa nyuma ya pazia, ilikuwa stoo ya mtu aliyehama bila kuaga: agizo la rangi juu ya agizo la rangi, aya tupu, jedwali ndani ya jedwali, alama zilizofunguliwa na kuachwa wazi. Kwenye kompyuta mambo yalienda. Kwenye simu, na wafugaji karibu wote wanatumia simu, maneno yalikimbilia nje ya kioo, na mtu alilazimika kusukuma ukurasa kulia na kushoto kama anayekagua ukuta kwa tochi.

Yudith angeweza kuzisafisha moja moja kwa mkono. Zilikuwa mamia. Alikuwa amejifunza kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, chuoni Tanga, na iliyobaki aliidokoa kwenye video, bando likiisha anasubiri mshahara. Akaandika skripti, programu fupi ya kazi hiyo: fungua kila ukurasa, ondoa takataka, funga kilichoachwa wazi, hifadhi. Aliichezea kwa wiki kadhaa. Alipoiendesha kwa mara ya mwisho alikagua kurasa chache, akaziona zimenyooka, akazipandisha zote mtandaoni. Tena ni yeye mwenyewe aliyeandika tangazo la Ijumaa kwenye kundi la wanachama: *Tovuti yetu sasa inafunguka vizuri kwenye simu. Huu ni msimu wa dawa za minyoo, someni vipimo hapa.* Watu walishukuru. Meneja Edgar, ambaye kwa kawaida hasifu, aliweka kidole gumba.

Sasa alifungua nakala ya ukurasa wa zamani, ile aliyoihifadhi kabla ya kazi kuanza, akaiweka kando ya ule mpya. Hakuhitaji kutafuta sana.

Kwenye ukurasa wa tovuti, kila kilichomo kati ya mabano mawili yenye ncha ni agizo kwa kompyuta, msomaji halioni: anza aya hapa, koleza wino hapa, weka picha hapa. Skripti ya Yudith ilikuwa na mstari mmoja mfupi uliosema, ukikuta bano linalofunguka, futa mpaka bano linalofunga, labda agizo liwe miongoni mwa yale machache niliyokuruhusu. Mstari huo ndio uliozoa uchafu wote. Lakini mtu aliyeandika ukurasa wa dawa alikuwa mvivu wa kuandika "chini ya" na "zaidi ya". Aliweka alama za darasa la hesabu, ile ya ndogo kuliko na ile ya kubwa kuliko, ambazo ni mabano yale yale yenye ncha. Miaka yote simu na kompyuta za watu zilimsamehe, zikaonyesha alama kama alama. Skripti haikujua kusamehe. Iliona bano limefunguka mbele ya kilo sitini za ndama. Ikafuta kipimo cha ndama, mililita tano. Ikafuta neno *ng'ombe*. Ikaendelea kufuta mpaka ilipokutana na bano la kufunga, mbele ya kilo sitini za mkubwa. Vipande viwili vilivyobaki vikaungana bila kovu. Sentensi ilisomeka vizuri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba ilisomeka vizuri.

Mililita ishirini kwa ndama. Mara nne.

Alimpigia Abrahamu, afisa mifugo, mtu mpole wa makamo ambaye siku hiyo alikuwa njiani kwenda mikutano Korogwe. Alimuuliza kana kwamba ni swali la kawaida: mtu akimzidishia ndama ile dawa mara nne, itakuwaje?

"Nani amezidisha?" Abrahamu aliuliza papo hapo.

"Hakuna. Nauliza."

"Anatoa mate mengi. Anatetemeka, anahangaika, pumzi inabana. Akiwa mdogo sana, au dhaifu, anaweza asiione asubuhi. Yudith, nani amezidisha?"

Akamwambia. Abrahamu akasema polepole kwamba atakayeonekana na dalili hizo apigiwe simu yeye kwanza, popote alipo, na ndama asilazimishwe kunywa kitu chochote.

Kurudisha ukurasa wa zamani kulikuwa kazi ya dakika chache. Yudith aliurudisha, akabadilisha zile alama kuwa maneno, akaufungua kwenye simu yake kuhakikisha. *Chini ya. Zaidi ya.* Kisha akaingia kwenye kundi la wanachama. Watu walikuwa wameshaupiga picha ukurasa ule mbaya. Ile picha ilikuwa imetumwa Ijumaa jioni, Jumamosi ikarudiwa, mtu mmoja ameizungushia duara jekundu kwenye mililita ishirini ili wenzake wasikose kuiona. Picha haisahihishwi kwa kusahihisha tovuti. Ilikuwa kwenye simu za watu sasa, na huko imeshaenda kwenye makundi mengine asiyoyajua.

Aliingia kwa meneja bila kubisha hodi.

Edgar alisikiliza akiwa amekishika kikombe cha chai bila kunywa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameukuta ushirika umebaki na wanachama wachache, wengine wameondoka kwa hasira baada ya msimu ambao maziwa yao yalimwagwa njiani, na kwa miaka mitatu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza warudi.

"Andika," alisema mwishowe. "Ndugu wanachama, tumefanya maboresho madogo kwenye ukurasa wa dawa, tafadhali usomeni upya."

"Hakuna atakayeusoma upya, meneja. Wanayo picha."

"Ukiandika kwamba tumekosea kipimo, Yudith, kesho asubuhi nusu ya maziwa yanaenda kwa wachuuzi."

"Na tusipoandika?"

Edgar aliweka kikombe chini. Aliangalia dirishani, ambako mama mmoja alikuwa akishusha magunia ya karoti. "Tuma," alisema. "Lakini sema *sisi*. Usitaje jina la mtu."

Yudith hakuandika. Wazee wengi wa kundini hawakuwa na subira ya kusoma, na wengine Kiswahili cha maandishi kiliwachosha. Alirekodi sauti yake kwa Kishambaa, kile cha nyumbani kwao, akarudia mara mbili: ile picha ya kipimo ni mbaya, ifuteni, msimnyweshe ndama, aliyekwisha kumnywesha apige simu sasa hivi. Alipoisikiliza kabla ya kuituma alijisikia anavyotweta katikati ya maneno. Akaituma hivyo hivyo.

Majibu yakaanza kuingia. Asante mwanangu. Sisi tulinywesha mwezi uliopita. Mimi sina ndama. Mmoja alikuwa amempa ng'ombe mkubwa kipimo cha ng'ombe mkubwa, mambo sawa. Mwingine alituma sauti ndefu ya kulalamikia bei za pumba. Yudith alirudi nyuma kwenye mazungumzo ya Ijumaa, akasoma ujumbe mmoja mmoja, na chini ya tangazo lake akakuta picha ya ndama mweupe mwenye madoa meusi, amesimama kwenye mlango wa banda. Aliyeituma ni Asha, mfugaji wa Malindi, ile Malindi yetu ya huku juu milimani. Ameandika: *Kesho mtoto wangu anapata dawa. Asanteni ofisi.*

Alipiga. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Tangu Ijumaa Asha hakuwa ameandika lolote.

Bodaboda aliyempata pale kona ya soko alikubali kupanda Malindi ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Yudith alisahau sweta ofisini. Walipoingia msitu wa Magamba ukungu uliwafunika, ukawa unadondoka kutoka kwenye miti kama mvua ya pili, na meno yake yakagongana hadi dereva akamuuliza kama anaumwa. Yudith alikuwa akimwona yule ndama wa madoa, mdogo zaidi kila kona, amelala ubavu, mate yanamtoka. Alikuwa akijiuliza atasema nini kwanza. Shikamoo, bila shaka. Halafu? Barabara ilikuwa tope jekundu. Mara mbili alishuka, dereva akaisukuma pikipiki, naye akatembea nyuma akijaribu simu ya Asha iliyokuwa bado haipatikani.

Asha alikuwa shambani kwake, kati ya kabichi, amefunga kanga kiunoni. Mwanamke wa miaka kama hamsini, mchangamfu. Alimwona msichana mgeni anateremka matuta bila kufuata njia, akasimama.

"Shikamoo mama. Ndama! Ndama wako yuko wapi?"

"Marahaba. Ndama?" Asha aligeuka akaelekeza kwa jembe. Yule mnyama wa madoa alikuwa amefungwa chini ya mparachichi, anatafuna kamba yake. "Kafanya nini?"

"Umempa dawa?"

"Dawa nimeipata wapi, mwanangu? Nilikwenda Jumamosi dukani, wameishiwa. Wameniambia nirudi Alhamisi. Umeme nao umekatika tangu Jumamosi hiyo hiyo, simu imezima. Wewe ni nani?"

Yudith alikaa chini, kwenye tuta, juu ya udongo uliolowa. Alitaka kueleza akashindwa. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na Asha, ambaye bado hakuelewa chochote, alimfungulia kanga ya pili akamfunika mabegani, akamwambia aje ndani kwanza apate chai kabla baridi haijamuua. Aliieleza habari yote jikoni, mikono ikiwa kwenye kikombe. Asha alisikiliza, akamshukuru Mungu, akamtazama ndama wake kupitia mlangoni muda mrefu.

Alipokuwa akishuka na dereva yule yule Yudith alijisikia mwepesi kama mtu aliyepona homa. Alijiambia imepita. Atakagua kurasa zote upya, moja moja, hata ikichukua miezi. Walipotoka msituni mtandao ukarudi, na simu ikaonyesha kwamba Beatha amepiga mara tano.

Alimwomba dereva asimame pembeni, akampigia.

"Dada," alisema Beatha. "Uko peke yako?"

"Sema."

"Mzee Hashimu. Wa kule juu ya Soni." Beatha alivuta pumzi. "Jumamosi alileta maziwa asubuhi, ana chupa ya dawa mfukoni. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo, akaniomba nimsomee kipimo. Nikafungua tovuti. Mililita ishirini. Akaniuliza, una hakika? Nikamsomea tena. Jana maziwa yake yaliletwa na jirani. Akasema ndama amekufa alfajiri, wameshamzika."

Yudith alishuka kwenye pikipiki. "Ulijua tangu jana. Asubuhi uliponipigia ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uniambie kipimo ni sahihi," Beatha alisema, akaanza kulia. "Nilitaka tu mtu aniambie ni sahihi. Halafu nimesikia sauti yako kundini."

Magari mawili ya mboga yalipita, yakawarushia matope.

"Si hilo tu," Beatha aliendelea. "Mzee anasema ni mkewe. Mama Mariamu alimpa ndama majani mabichi ya maharage, yana umande. Mzee amesema tumbo limejaa gesi likamuua. Amemsema mbele ya majirani, mama amefunga mzigo wake ameteremka Magoma kwa kaka yake."

Yudith alimpigia Edgar, kwa sababu ilimpasa. Meneja aliisikiliza habari yote bila kumkatiza, kisha akashusha pumzi.

"Ameshazikwa," alisema. "Mzee mwenyewe ana sababu yake. Ndama wanakufa kwa majani mabichi kila mwaka, Yudith, hilo nalo ni kweli. Wewe una hakika gani kwamba ni dawa?"

"Sina hakika."

"Sasa?"

"Mama Mariamu yuko Magoma, meneja."

Edgar hakusema nenda, wala hakusema usiende. Alisema jua linashuka, akakata simu.

Yudith alimkuta Beatha nje ya kituo cha Soni, amevaa viatu vya mvua na uso umemvimba. Walipanda pamoja kwa miguu, njia inayopita kati ya migomba na mibuni, Beatha akionyesha wapi pa kukunja. Yudith alijaribu maneno yake kimya kimya. Kila alipofika kwenye skripti yalikwama. Mtu anamwambiaje mzee kwamba ndama wake ameuawa na mstari mmoja wa herufi?

Mzee Hashimu alikuwa uani na majirani wawili, wanaume wa rika lake, wanapukuchua mahindi. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake nyeupe imefifia kwa kufuliwa. Walimwamkia, akaitikia, akaagiza viletwe viti. Yudith alibaki amesimama.

"Mzee, mimi ni Yudith, wa ofisi ya ushirika, Lushoto. Nimekuja kwa habari ya ndama."

"Mungu ametoa, Mungu amechukua," alisema Mzee Hashimu. "Ahsanteni kwa kuja."

"Ulimpa mililita ngapi za dawa?"

"Ishirini. Huyu binti alinisomea."

"Alikusomea kilichoandikwa. Kilichoandikwa kilikuwa kibaya. Kipimo cha ndama ni mililita tano. Maandishi ya zamani yalikuwa sahihi. Mimi nikaandika programu ya kuyasafisha, ionekane vizuri kwenye simu, na programu yangu ikayafuta maneno yaliyokuwa katikati. Sikuiona. Nikaipandisha, nikawaambia watu wasome."

Mmoja wa majirani aliacha kupukuchua. Mzee Hashimu alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama asikiaye kwa sikio moja.

"Ilifuta yenyewe?"

"Mimi ndiye niliyeituma."

"Na majani ya maharage?"

"Sijui, mzee. Siwezi kusema siyo. Nikuulize: kabla hajafa alikuwaje? Tumbo lilivimba?"

Mzee alifikiri. "Alitoa mate," alisema taratibu. "Mate mengi, mpaka kifuani. Akawa anatetemeka kama mtu wa malaria. Tumbo... Tumbo sikuliangalia. Nilipoyaona yale mate nilijua ni majani."

Yudith alimpigia Abrahamu palepale, akamsomea dalili kama mzee alivyozitaja. Sauti ya Abrahamu ilisikika na kila mtu uani: hiyo ni dawa, alisema, gesi ingemvimbisha ubavu wa kushoto, na asingetetemeka vile. Alimpa mzee pole, akaomba radhi kwa niaba ya wote. Mzee Hashimu aliitikia asante. Beatha alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa blauzi mara nyingi hadi ulilowa.

Mzee aliingiza mkono mfukoni akatoa simu ndogo ya batani, iliyofungwa kwa raba, akaibonyeza akiwa ameisogeza mbali na macho. Spika yake ya sikioni ilikuwa mbovu, ikabidi aweke sauti ya nje, na aliyepigiwa akasikika uani kote.

"Hashimu," ilisema sauti ya mwanamke, bila furaha.

Alimweleza kwa Kishambaa, kwa ufupi. Alisema kuna binti wa ofisini, amekuja na habari ya dawa. Alisema kipimo kilikosewa. Hakusema zaidi ya hapo.

"Huyo binti yuko hapo?"

"Yupo."

"Na nani mwingine?"

Mzee aliwatazama majirani zake. Akawataja majina.

"Wote wawili? Basi binti aseme tena. Aseme wasikie."

Yudith alisogea karibu na simu. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, lakini alisema, mara ya pili, kwa Kishambaa sasa, ili pasibaki neno la kujificha nyuma yake. Alisema kipimo. Alisema nani aliyekikosea. Alisema kwamba mama hakuua ndama. Alipomaliza ilisikika pumzi tu ya mtu aliyeko mbali, na kuku wa Magoma.

"Hashimu."

"Naam."

"Jumapili ulisema mbele ya nani kwamba nimemuua?"

"Mbele ya hawa hawa."

"Sasa waambie."

Mzee Hashimu alivua kofia, akaishika mapajani. Yudith aligeuza uso akatazama migomba. Alimsikia yule mzee akiwaambia majirani zake, kwa sauti ya chini lakini isiyotetemeka, kwamba alimsingizia mkewe, kwamba hakuangalia, kwamba alisema kwa uchungu. Majirani waliitikia kwa kuguna.

"Nitarudi kaka akimaliza kuvuna," alisema Mama Mariamu, na simu ikakatika.

Hakuna aliyemfokea Yudith siku ile. Wakati wa kuondoka Mzee Hashimu aliwasindikiza mpaka kwenye mibuni, akawaambia watazame wanapokanyaga kwa kuwa njia inateleza. Lakini usingizi haukumjia Yudith kwa siku nyingi. Alisubiri barua ya kuachishwa kazi, ikaja ya onyo. Edgar ndiye aliyeandika tangazo la pili, akaliweka kwenye ukuta wa kila kituo, na safari hii hakulizungusha: lilisema ndama amekufa, likasema kwa sababu gani. Baadhi ya maziwa yalienda kwa wachuuzi kweli. Mengine yalibaki.

Skripti Yudith aliiandika upya. Sasa kabla ya kuhifadhi ukurasa wowote ilimwekea maneno ya zamani na mapya kando kwa kando, na kama hata neno moja la msomaji limepungua ilisimama ikamngoja. Aligundua kurasa nyingine tatu zilizoliwa: moja ya joto la maziwa, moja ya umri wa kupandisha mtamba, moja ya ukubwa wa banda. Kila alipoikuta mojawapo aliinuka akatembea uani kidogo ndipo arudi kwenye kiti.

Kamati iliamua Mzee Hashimu apewe ndama jike kutoka kwenye zizi la ushirika. Akakataa. Alituma neno kwamba yule wa kwanza mkewe ndiye aliyemlea, na mwingine atachaguliwa na mke mwenyewe, akirudi.

Wiki zikapita. Mahindi ya Magoma yalivunwa na kuanikwa. Kisha asubuhi moja mwanamke mfupi, mwenye mtandio wa kijani na mfuko wa mboga mkononi, aliingia ofisini akatoa salamu, akataka kujua Yudith ni yupi.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Mama Mariamu." Hakukaa kwenye kiti alichovutiwa. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Hapo palipofutwa."

Yudith aliifungua kompyuta. Alipata shida kuukuta ukurasa, ingawa alijua ulipo kuliko alivyojua nyumba yao. Aliweka ule mbaya kushoto na ule mzuri kulia. Mama Mariamu alitoa miwani kwenye mfuko wa mboga, akaivaa, akainama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Alisoma wa kushoto kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata. Akasoma wa kulia. Akarudi kushoto akausoma tena, akasimamisha kidole mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Alinyooka, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Haya," alisema. "Hao ndama wako wapi?"